UZI: Je, maranda ya Jogoo Road yanaweza kuwa petroli? Miaka 60 ya ahadi za mafuta yetu wenyewe

1. Kila bei ya mafuta ikipanda, hakukosi mtu kwenye mjadala wa kusema, "Tufungue kile kiwanda cha Changamwe tujitengenezee mafuta." Siku hizi kuna nyongeza: "Hata miti inatoa petroli, Wazungu washaanza." Leo tuichambue pole pole. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukija kwa majibu na majina ya watu nakupita tu.

2. Swali lenyewe nililetewa na jirani yangu, fundi wa fanicha kando ya Jogoo Road. Aliona video kwa simu. Jioni moja akanisimamisha: "Wewe msomi, hii maranda nafagia kila siku, ni ukweli inaweza endesha mathree?" Nikamwambia anipe wiki moja. Wiki imeisha, na jibu ni refu kuliko nilivyodhani.

3. Jibu fupi ni ndiyo. Inawezekana na imefanyika. Lakini ukisoma historia yetu utaona hatujawahi kushindwa kwa kukosa mashine. Tumeshindwa kwenye maswali matatu: malighafi itatoka wapi kila siku, nani atalipa tofauti ya bei, na mambo yakiharibika nani ataumia. Shika hayo matatu tutembee nayo.

4. Tuanzie Changamwe, Mombasa. Kampuni ilianzishwa 1960 kwa jina East African Oil Refineries, Shell na BP wakiwa nyuma yake. Kiwanda kikaanza kazi 1963, mwaka ule ule wa uhuru. 1971 serikali ikachukua nusu ya hisa. 1974 ikaongezwa mitambo mingine. 1983 ndipo kikaitwa Kenya Petroleum Refineries.

5. Watu hudhani Changamwe ilikuwa inanunua mafuta ghafi na kutuuzia petroli. Hapana. Kwa muda mrefu ilifanya kazi kama posho mill. Unaleta mahindi yako, unalipa kusaga, unaondoka na unga wako. Kampuni za mafuta zilileta mafuta ghafi kutoka Ghuba, zikalipia kusafishiwa, zikabeba bidhaa zao kwenda kuuza.

6. Shida ya hiyo posho mill ni kwamba ilikuwa ya kizamani. Ukichemsha mafuta ghafi, vyepesi hupanda juu: gesi, petroli, mafuta taa, dizeli. Chini hubaki mafuta mazito meusi ya bei ya chini. Viwanda vya kisasa vina mtambo wa kuyavunja hayo mazito yawe petroli na dizeli. Changamwe haikuwa nao. Sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka ikiwa bidhaa ya bei duni. Kumbuka huo mtambo wa kuvunja, tutaurudia.

7. Mwaka 1994 biashara ya mafuta ilifunguliwa na bei zikaachiwa soko. Lakini sheria iliendelea kulazimisha kampuni kupitisha kiasi fulani cha mafuta ghafi Changamwe, ili kiwanda kisikose kazi. Kampuni zikalalamika kwamba ni nafuu kuleta petroli iliyosafishwa tayari ng'ambo. Na ile gharama ya ziada ililipwa na nani? Ilishuka kwenye pampu, ikaingia kwenye nauli, ikaingia kwenye bei ya sukuma wiki Wakulima na Muthurwa. Sisi ndio tulilipa.

8. 2009 Essar ya India ikanunua nusu ya hisa kutoka kwa kampuni za kigeni zilizokuwepo. Mpango ulikuwa kukarabati kiwanda na kuongeza ule mtambo wa kuvunja mafuta mazito, kazi ya zaidi ya dola bilioni moja. Hesabu ikakataa. Septemba 2013 kiwanda kikaacha kusafisha mafuta. 2016 serikali ikainunua ile nusu nyingine. Baadaye kikawekwa chini ya Kenya Pipeline, na kazi yake sasa ni matangi ya kuhifadhia.

9. Kwa hivyo mtu akikwambia "tufungue Changamwe", muulize afungue nini hasa. Yale matangi yanafanya kazi. Mitambo ya kusafisha ilizimwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na hata ilipokuwa hai haikuwa na kile kifaa ambacho mafuta ya mbao yanahitaji zaidi. Kusema "kiwanda tayari kipo" ni kama kusema una gari kwa sababu chesisi iko nyuma ya nyumba.

10. Na wazo la mafuta yanayomea shambani si geni hapa. Wazee wetu waliokuwa na magari miaka ya 80 wanakumbuka gasohol. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda miaka ya 70, Kenya ikaamua kuchanganya petroli na spiriti ya molasi, ile sharubati nyeusi inayobaki baada ya kutengeneza sukari. Agro-Chemical and Food Company ya Muhoroni ikawa inatengeneza spiriti. Kuanzia 1983 mchanganyiko wenye asilimia 10 ya spiriti ukauzwa hapa Nairobi.

11. Kabla ya hapo kulikuwa na mradi mkubwa zaidi Kisumu, ulioanza kujengwa 1977. Gharama zikapanda na kupanda, ujenzi ukasimama mapema miaka ya 80 kabla haujakamilika. Kwa miaka mingi ulibaki pale kama ukumbusho, na kwenye kampeni ukawa kama mtaji wa kila mtu. Muhoroni angalau ilifanya kazi.

12. Gasohol iliisha vipi? Magari hayakulipuka, na spiriti haikuwa mbaya. Bei ya mafuta ghafi ilianguka katikati ya miaka ya 80. Ile spiriti ikawa na thamani zaidi ikiuzwa kwa kazi nyingine na nchi za nje kuliko kumiminwa kwenye tangi la gari kwa bei iliyopangwa na serikali. Kufikia 1993 mpango ulikuwa umekwisha. Kemia ilikubali, bei ikakataa. Hapo swali la pili lilitushinda.

13. Halafu ikaja jatrofa, wengine huiita mbono kaburi. 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 140. Ghafla kila semina ilikuwa ya jatrofa: inamea kwenye kame, haitaki mbolea, ng'ombe haili, mbegu zake ni dizeli. Mjomba wangu huko Ukambani alipanda ekari moja. Mtu wa kampuni fulani alikuja na pikipiki, akauza miche, akaahidi kurudi kununua mbegu.

14. Hakurudi. Namba ya simu ikawa haipatikani. Mjomba alingoja misimu mitatu, akavuna mbegu kidogo zikajaa debe, akaziweka stoo. Hizo misimu tatu hiyo ekari ingekuwa na mbaazi na pojo. Mwishowe aling'oa miti akatumia kama kuni, na hata kama kuni haikuwaka vizuri. Ukimtajia mafuta ya kijani leo anacheka, lakini si kicheko cha furaha.

15. Na hakuwa peke yake. Mwishoni mwa 2009 watafiti waliochunguza wakulima wa jatrofa sehemu mbalimbali za Kenya walikuta mavuno madogo sana, na gharama zinazozidi mapato. Ushauri wao ulikuwa kwamba wakulima wadogo wasiipande kama zao la shamba, labda iwe ua tu wa boma. Mmea kuvumilia kame si sawa na mmea kuzaa kwenye kame. Hilo lilikuwa somo la swali la kwanza, malighafi, na mjomba alililipia karo.

16. Pwani ilikuwa kubwa zaidi. Karibu na Malindi kampuni ya kigeni ilitaka hekta 50,000 za eneo la Dakatcha, msitu wa asili na makao ya Wagiriama, ipande jatrofa ya kupeleka Ulaya. Wenyeji walipinga, watu wa mazingira wakapinga, mpango haukufika popote. Lakini fikiria kama ungefika. Gari la Ulaya lingesifiwa kuwa safi, na familia ya Kenya ingehama. Hilo ni swali la tatu.

17. Sasa turudi kwa fundi wangu na maranda yake. Mbao inakuwa petroli vipi? Kuna njia mbili nitazieleza, na zote Waskandinavia wamezitumia. Ya kwanza inatokana na viwanda vya karatasi. Msonobari ukipikwa na kemikali ili kupata rojo la karatasi, utomvu wake hupanda juu kama povu la sabuni. Hukusanywa, ukatiwa asidi, ukatoka mafuta mazito ya kahawia. Finland, mji wa Lappeenranta, kampuni ya UPM inayageuza kuwa dizeli tangu 2015.

18. Uswidi walitangulia kidogo. Kampuni ya Preem ilibadilisha sehemu ya kiwanda chake cha Gothenburg, ambacho tayari kilikuwa kinasafisha mafuta ya kawaida, ili kipokee mafuta hayo ya msonobari. Hiyo ndiyo "kutumia kiwanda kilichopo" kwa maana kamili. Kiwanda kilikuwa hai, moto unawaka, wafanyakazi wapo, bomba la haidrojeni lipo. Wakaongeza malighafi mpya kwenye sufuria iliyokuwa jikoni tayari.

19. Mkenya aliyepita Webuye zamani anaijua hiyo kazi kwa pua. Ile harufu kama ya mayai yaliyooza ilikuwa ya kupika mbao kwa njia hiyo hiyo. Pan African Paper Mills ilianza kazi 1974 ikitumia miti ya mashamba ya serikali, ikasimama 2009. Kwa hivyo siku tunayoambiwa tutatoa mafuta kwenye msonobari, kile kiwanda kikubwa ambacho kingetupa huo utomvu kilishawahi kufungwa kikaacha mji mzima bila kazi. Malighafi ya njia ya kwanza hutegemea kiwanda cha karatasi kilicho na afya.

20. Njia ya pili ndiyo ya maranda. Unachukua vumbi la mbao lililokauka, unalipasha moto wa digrii kama 500 mahali pasipo hewa, sekunde chache tu. Haliwaki kwa sababu hakuna hewa. Linageuka mvuke, unaupoza haraka, unapata mafuta meusi mazito yenye harufu ya moshi. Kampuni ya Pyrocell ilianza kufanya hivyo kwenye kiwanda cha mbao karibu na Gävle, Uswidi, mwaka 2021. Mafuta yale yalipelekwa kiwanda cha Preem cha Lysekil, yakatoka petroli na dizeli.

21. Lakini yale mafuta ya maranda ni mkorofi. Yana maji, yana asidi inayokula bomba, na yamejaa oksijeni. Hayachanganyiki na mafuta ghafi, ni kama maji na mafuta ya kupikia. Kwa hivyo hutiwa kidogo kidogo, kama chumvi kwenye mboga, ndani ya ule mtambo wa kuvunja mafuta mazito. Umeukumbuka? Ule ambao Changamwe haikuwahi kuwa nao, na ambao gharama yake ndiyo iliyokataa hesabu ya 2013.

22. Tufanye hesabu ya kijiweni. Kiwanda cha Pyrocell kilijengwa kutoa takriban tani 25,000 za mafuta ya mbao kwa mwaka. Tuwe wakarimu, tuseme nusu inageuka petroli. Hiyo ni kama lita milioni 17. Kenya hutumia karibu lita bilioni mbili za petroli kwa mwaka. Gawanya. Kiwanda kizima, mwaka mzima, kinatupa petroli ya siku tatu hivi. Ili kufika hata mwezi mmoja ungehitaji viwanda kumi kama hicho, na vumbi la mbao la kuvilisha vyote.

23. Na hilo vumbi litoke wapi? Uswidi ina misitu na viwanda vikubwa vya mbao ambako maranda yanarundikana pahali pamoja. Sisi Februari 2018 tulisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma kwa sababu mito ilikuwa inakauka. Katiba ya 2010 inatudai tufikishe angalau asilimia 10 ya ardhi iwe na miti. Na nyumba nyingi za Kenya bado zinapika kwa kuni na makaa. Mti wetu tayari una foleni ya wanaoungoja.

24. Hata maranda ya fundi wangu yana mwenyewe. Nilimuuliza anayatupa wapi. Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Nitupe? Kuna mama wa kuku Ruai huchukua gunia zote. Zingine zinaenda kwa jiko la maranda hapo nyuma, hoteli ya chapati." Yaani kile tunachokiita taka ni matandiko ya kuku wa mtu na moto wa chapati ya mwingine. Kiwanda kikija na bei kubwa, mama wa Ruai atalaza kuku wake wapi?

25. Sasa swali la bei. Uswidi hawakufika pale kwa mapenzi. Julai 2018 sheria ilianza kulazimisha wauzaji wapunguze uchafuzi wa mafuta yao, maana yake wachanganye ya kijani. Kufikia 2022 kiwango kwa dizeli kilikuwa asilimia 30.5. Bei za pampu zikapanda, wananchi wakalalamika, uchaguzi ukaja, na kuanzia Januari 2024 kiwango kikashushwa hadi asilimia 6. Nchi tajiri, misitu tele, na bado pampu ndiyo iliyoamua.

26. Sisi Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Julai mwaka huo kodi ya VAT kwenye mafuta ilikuwa imetoka asilimia 8 hadi 16. Ukiongeza juu yake mafuta ya mbao ambayo ni ghali kuliko ya kawaida, ni makanga gani wa Umoja atakuelewa? Anayeahidi mafuta ya miti na bei ya chini kwa sentensi moja, mwambie achague moja kwanza, au aonyeshe ruzuku itatoka mfuko gani.

27. Si kwamba hakuna kinachofanyika. Julai 2021 serikali na Eni ya Italia walikubaliana kuchunguza, pamoja na mambo mengine, kugeuza Changamwe iwe kiwanda cha mafuta ya mimea. Julai 2022 kikafunguliwa kituo cha kukamua mbegu Makueni: mbarika, mukinduri, pamba. Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ikaondoka Mombasa kwenda Gela, Sicily. Gela ni kiwanda cha zamani kilichogeuzwa kikaanza upya 2019.

28. Soma tena hiyo safari. Mbegu za Makueni, mafuta yanapita bandari ya Mombasa, yanasafishwa Italia. Mei 2023 Kenya Airways iliruka kutoka JKIA, hapa Embakasi, kwenda Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya kijani yaliyotengenezwa huko Italia. Ni hatua, sikatai, na mkulima anayelipwa kwa wakati ana haki ya kufurahi. Lakini kiwanda kilichogeuzwa na kufanya kazi ni cha Gela, si cha Changamwe. Tumebaki kwenye sehemu ya mnyororo yenye jembe.

29. Swali la tatu nililiacha mwisho kwa sababu ni letu wana Eastlands. Bomba la kutoka Mombasa hadi Nairobi lilifunguliwa 1978 na linafika hapa Industrial Area. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja ikaingia mtaro unaopita Sinai, Lunga Lunga. Watu walikimbia na ndoo. Watu zaidi ya 100 walikufa. Waliochota hawakuwa wajinga. Ukiona siku ya kazi yako ikipita kwenye mtaro kwa kasi, utainama.

30. Simlaumu yeyote kwa kuileta Sinai hapa. Naileta kwa sababu nchi ikiamua kujenga chochote cha mafuta, ya kisima au ya maranda, matangi hayawekwi Karen. Yanawekwa kando ya mabati. Mafuta ya kijani yanawaka sawasawa na mengine. Kwa hivyo mtu akija kutuuzia kiwanda, swali la umbali kati ya ukuta wake na nyumba ya mwisho liulizwe kabla ya swali la ajira ngapi.

31. Tukusanye. Gasohol ilikwama kwenye bei. Jatrofa ilikwama kwenye malighafi. Dakatcha ilikwama kwenye swali la nani ataumia, na ilikwama kwa sababu wenyeji waliuliza mapema. Changamwe ilikwama kwenye bei pia, baada ya sisi kuibeba miaka mingi bila kujua. Hakuna hata moja iliyokosa wataalamu au hotuba ya uzinduzi.

32. Kwa hivyo mjadala ujao wa runinga, au mkutano ukija Jacaranda, acha kupiga makofi kwa neno "teknolojia". Uliza: tani ngapi za malighafi kila siku, na leo zinatumiwa na nani? Lita itauzwa ngapi, na tofauti italipwa na nani? Ardhi ya nani, na kiwanda kitakuwa mita ngapi kutoka kwa nyumba za watu? Mwenye majibu apewe nafasi. Mwenye wimbo tu apewe soda aende.

33. Jana jioni nilipitia kwa fundi nikamsomea hii yote. Alisikiliza huku akipiga msasa. Mwishowe akasema, "Sawa. Kwa hivyo mimi niendelee kuuzia mama wa kuku." Nikamwambia ndiyo, kwa sasa. Akaongeza, "Lakini wakija na hiyo kiwanda, waniulize kwanza bei." Sina la kuongeza hapo. Uzi umeisha. Ukiwa na babu aliyejaza gasohol, mwambie aandike hapa chini ilivyokuwa.